Alichosema Bundi

Dar es Salaam, 3 Februari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima, ila joto la huku linanimaliza. Wewe najua ni mzima, maana mama mdogo ameniambia sauti yako bado inavuka barabara ya Nairobi na kuwashtua mafundi wa upande wa pili. Kwa hiyo habari za afya tumezimaliza.

Usishangae kupata bahasha badala ya simu. Msimamizi wangu, Dkt. Anande, amesema maneno ya simu hayaingii kwenye tasnifu, yanaingia yaliyoandikwa na kusainiwa. Na mimi nakuhitaji kwenye tasnifu.

Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu katuni za watoto: ishara zilizomo, na zinavyogusa nafsi ya mtoto anayetazama. Ningeweza kuchagua filamu yoyote duniani. Nimechagua ile ya mtoto wa mbweha, uliyokuwa ukituonyesha pale kwenye banda lako la video Sakina, umezima sauti yao, umeshika maiki, unatutafsiria mwenyewe. Nilikuwa na miaka sita, nakaa benchi la mbele. Mama mbweha anatoka kutafuta chakula kwenye theluji, harudi. Mtoto anabaki na skafu nyekundu ya mama yake. Analala chini, hataki kula, mpaka anatokea bundi, ambaye kumbe ni shangazi yake, na kumwambia: "Mama hajakuacha. Kula, mwanangu. Ukishiba wewe, na yeye huko aliko anashiba."

Sura ya tatu nzima, kurasa sitini na mbili, imesimama juu ya maneno hayo. Nasema hapo ndipo mtoto anapoacha kumtafuta mama njiani na kuanza kumbeba ndani yake, kwenye kile wataalamu wanachokiita ung'amuzibwete, yaani yale mtu anayoyajua bila kujua kwamba anayajua. Nimetumia ile diski uliyoirekodi kwa sauti yako, kwa sababu ya asili nimeitafuta sijaipata.

Nijibu kwa maandishi: lugha ya filamu ulijifunzia wapi? Ulitafsiri neno kwa neno? Na kwa nini bundi ni shangazi?

Mwanao,
Twahira


Sakina, 9 Februari 2025

Mwanangu Twahira,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Barua yako nimeisoma mara tatu: ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa miwani, ya tatu kwa sauti ili mama yako mdogo Swabaha asikie huko jikoni. Amefurahi mpaka ameunguza vitunguu. Hilo neno ung'amuzibwete nimelijaribu kwa fundi Godwin hapa jirani, akaniuliza kama linahusu gia.

Sasa andika, na uandike vizuri, maana watasoma maprofesa.

Kwanza, lugha. Mimi Khalfani nimepikia watalii kambini miaka minane. Kiingereza nimekila pamoja na supu. Diski yenyewe nilipewa na mgeni mmoja, mama wa heshima, aliyekuja kuzuru makaburi ya Wapolandi, wale wakimbizi wa vita kuu, kule Tengeru, mimi nikiwa mpishi wa msafara wao. Aliniachia sanduku zima la katuni, akanionyesha kwa mikono kwamba ni za watoto.

Pili, neno kwa neno. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza. Watu wanatoka Ngaramtoni kuja kunisikiliza kwa sababu Khalfani hadanganyi. Unadhani kwa nini mtaa mzima unaniita Profesa?

Tatu, bundi. Kwao bundi ni shangazi. Ndivyo walivyosema wenyewe Wazungu.

Nimesaini hapa chini na nimegonga muhuri wa banda.

Baba yako mdogo,
Khalfani, Mtafsiri


Dar es Salaam, 2 Juni 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Leo sina utani.

Ripoti ya mtahini wa nje imekuja. Anaitwa Dkt. Melkizedeki, hanijui, simjui. Ameitafuta filamu ya mbweha mpaka ameipata, ile ya asili, yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Amesifu sana nilivyoisoma skafu nyekundu, inavyotoka shingoni kwa mama, inakwenda kwa mtoto, halafu mtoto akikua anamvisha nungunungu aliye mdogo kuliko yeye. Halafu anafika sura ya tatu. Nakunakilia:

"Filamu hii ni ya Kipolandi. Hakuna anayesema Kiingereza ndani yake hata neno moja. Bundi ni bundi, si shangazi wa mtu. Katika tukio ambalo mtahiniwa amelijengea sura nzima, bundi anasema haya tu: Mama yako amekufa. Baridi itakuwa ndefu. Nenda zako. Sentensi anayoichambua mtahiniwa haimo kwenye filamu. Ama amedanganywa, ama amebuni ushahidi."

Kubuni ushahidi, baba mdogo! Hapa chuoni mtu anafukuzwa kwa hilo. Nitasimama mbele ya jopo tarehe 27 mwezi huu.

Ulinitajia makaburi ya Wapolandi kwa mkono wako mwenyewe na mimi sikushtuka. Nilisoma nikacheka, nikaendelea kuandika. Sasa nakuuliza polepole, kama mwanao: bundi alisema nini?

Twahira


Sakina, 5 Juni 2025

Mwanangu,

Huyo daktari kaona filamu nyingine. Mbweha wako wengi duniani.

Kuhusu Kipolandi, Kipolandi na Kiingereza ni kama Kimeru na Kichaga, mwenye kimoja anasikia na cha pili. Isitoshe kuna mzee mmoja kule Tengeru alinifundisha maneno muhimu. Waambie hivyo.

Nipe siku chache. Diski ya asili iko kwa mtu mmoja wa kule Maji ya Chai, naifuata. Usilie, ule vizuri.

Khalfani


Dar es Salaam, 11 Juni 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Mzee wa Tengeru hana jina, mtu wa Maji ya Chai hana jina, na mbweha wako wengi duniani. Nilisoma barua yako nikiwa kwenye ngazi za maktaba, nikaona aibu kama mimi ndiye niliyeiandika.

Nimekasirika, na siwezi kukuficha. Miaka ishirini na moja nimetembea na sentensi ile. Nilipofeli hesabu kidato cha pili nilijiambia ile sentensi. Nilipofika hapa Dar simjui mtu nilijiambia ile sentensi. Sasa naambiwa bundi alisema "nenda zako".

Dkt. Anande amenipa njia moja. Kuna fomu. Nikisaini kwamba nilibuni maneno yale mwenyewe, kwa uzembe, sifukuzwi. Narudia mwaka, sura ya tatu inatupwa, na kwenye faili langu linabaki doa. Nimeamua kusaini tarehe 20.

Ukiuliza kwa nini nisiseme ni wewe: kwa sababu barua yako yenye muhuri iko kwenye viambatisho. Wataisoma mbele ya watu, "Khalfani hadanganyi", na watacheka. Sitaki. Wewe na mama mdogo ndio mlionilea tangu mama afe, baba akiwa na lori lake njiani mwezi kwa mwezi. Bora wanicheke mimi.

Twahira


Sakina, 15 Juni 2025

Mwanangu Twahira,

Usisaini chochote. Nasema tena, usisaini. Barua hii nampa Godwin aipeleke stendi sasa hivi iondoke na basi la kwanza, na ukiipata umpelekee huyo Anande wako kabla hujavua viatu.

Sijui Kiingereza. Haya, nimeandika. Mkono haujakatika.

Miaka minane kambini nilijifunza "supu tayari" na "karibu tena", basi. Filamu zote nilizotafsiri, za ngumi, za mapenzi, za majini, nilikuwa naangalia nyuso zao. Huyu kanuna, huyu kakimbia, huyu kafunga mlango kwa nguvu, nami najaza. Watu wakapenda. Wakaniita Profesa, nikaogopa kushuka. Swabaha ndiye pekee ninayemhisi kwamba anajua, na hajawahi kunitia aibu.

Na hizi siku chache nilizokuomba sikuwa Maji ya Chai. Nilikuwa Tengeru makaburini na Godwin, maana yeye kabla ya ufundi aliendesha watalii, Kiingereza anakijua cha kweli. Nilitaka huyo Melkizedeki awe muongo. Tulikaa getini siku mbili na kompyuta yake na ile diski ya asili, ambayo haikuwahi kutoka sandukuni kwangu, mpaka akaja mama mmoja Mpolandi na mabinti zake. Nikamwonyesha bundi. Akamweleza Godwin kwa Kiingereza, Godwin akanieleza mimi kwa Kiswahili, naye alikuwa hanitazami usoni. Ni kweli. "Mama yako amekufa. Nenda zako." Yule mama akaniuliza, kupitia kwa Godwin, mimi niliwaambia watoto nini pale? Nikamwambia. Akanishika mkono akawa haachii.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili hujaambiwa na mtu.

Mama yako alizikwa Jumatatu. Ukaacha kula. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Swabaha alikupikia uji, ndizi, akakukaangia mayai, ukawa unageuza uso ukutani. Maji tu ndiyo uliyokunywa. Daktari alikuja akasema ikifika Jumapili tukulaze. Jumamosi mchana mimi nikafikiri, acha nimtoe nje kidogo, nikakubeba mpaka bandani nikakuweka benchi la mbele. Ulikuwa mwepesi mpaka nikaogopa. Nikachomeka diski ya juu kabisa kwenye lile sanduku. Sikuwa nimeiona hata siku moja.

Mama mbweha akatoka, akapotea. Yarabi! Nikatamani kuzima. Lakini wewe ulikuwa umefungua macho, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nikasema mama kaenda upande wa Rombo, kule kwenye theluji ya Kilimanjaro. Halafu mtoto wa mbweha akalala chini, hali. Halafu akatokea bundi, na watoto wote wakapiga kelele, maana unajua bundi kwetu maana yake nini, na nyumba yetu ilikuwa bado na msiba. Nikashika maiki nikasema, "Tulieni! Huyu si bundi, huyu ni shangazi yake, kavaa koti la manyoya." Wakatulia. Bundi akafungua mdomo. Mimi nikakutazama wewe. Sikutazama filamu, Twahira, nilikutazama wewe, na maneno yakatoka.

Ulishuka kwenye benchi. Ukatembea peke yako mpaka nyumbani, mimi nikaacha watoto na filamu nikakufuata nyuma. Ukamwambia Swabaha unataka makande. Ukala sahani mbili. Swabaha alikuwa analia na mwiko mkononi.

Nilipokuja kurekodi ile diski nikayaacha maneno kama yalivyokuwa, kwa sababu yalishafanya kazi.

Kwa hiyo waambie maprofesa wako. Wewe hukubuni. Niliyebuni ni mimi, na nikirudishwa siku ile nitabuni tena. Barua hii iwekwe mbele ya ile ya kwanza, waisome kwa sauti. Wakicheka, wacheke.

Baba yako mdogo,
Khalfani, asiyejua Kiingereza wala Kipolandi


Dar es Salaam, 28 Juni 2025

Baba mdogo, baba mdogo, baba mdogo!

Shikamoo mara mia. NIMEFAULU. Nimeanza na hilo usije ukapata presha.

Barua yako ilinikuta Jumanne. Nilikaa nayo chini ya ukuta wa stendi, watu wananiruka na mizigo yao, nikalia mpaka mama mmoja muuza karanga akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia hapana mama, leo sijafiwa. Kisha nikaenda kwa Dkt. Anande na viatu vyangu miguuni kama ulivyoagiza. Alisoma amesimama. Akamaliza, akaichana ile fomu, akasema, "Kaa hapo. Tuna siku kumi."

Siku kumi hizo sikulala vya kutosha lakini nilikula. Sura ya tatu sikuitupa. Niliiandika upya yote. Hapo mwanzo nilisema filamu inamfundisha mtoto kumbeba mama ndani yake. Sasa nikasema filamu peke yake inamfukuza: amekufa, nenda zako. Anayemfundisha ni mtu mzima aliyekaa pembeni na maiki, anayeijua picha na anamjua mtoto. Wataalamu wote niliowasoma wameandika kama vile mtoto anakaa na katuni wawili tu chumbani. Hakuna aliyemwona Khalfani. Nikachambua na bundi: ishara ya kifo imeingia kwenye banda la Sakina, imevuliwa maana yake mbele ya watoto thelathini, imevishwa udugu, kwa sentensi moja. Dkt. Anande alisema hajawahi kuona mfano mzuri kuliko huo.

Jana saa nne nikasimama mbele ya jopo. Dkt. Melkizedeki ni mtu mfupi, mkali, ana kalamu tatu mfukoni. Akaanza: "Binti, bundi alisema nini?" Nikamwambia, "Inategemea aliyekuwa bandani, Daktari." Watu wakaguna. Nikaomba ruhusa, nikasoma barua yako yote, kuanzia "usisaini chochote". Kwenye "supu tayari" walicheka, samahani, walicheka sana, na mimi nilicheka. Kwenye makande hakuna aliyecheka. Hapo Dkt. Anande akataka kunisaidia kusoma, nikakataa, nikamaliza mwenyewe.

Halafu likaja swali ambalo sikulitegemea. Dkt. Melkizedeki akauliza, "Unaikumbuka siku hiyo?" Nikasema ukweli. Siikumbuki. Siikumbuki njaa, sikumbuki kubebwa wala yale makande. Nakumbuka sentensi tu. Akauliza, "Na katika filamu zote ulizowahi kuona, ulichagua hii kwa sababu gani?" Nilikuwa na sababu nane nimeziandika kwenye utangulizi, na zote zikaniruka.

Akavua miwani. Akasema, na nakuandikia maneno yake kama yalivyo kwa sababu katibu ameyarekodi: "Mtahiniwa ametumia kurasa mia mbili kutueleza ung'amuzibwete ni nini, na sasa amesimama hapa ametuonyesha. Niliandika kwamba sentensi hii haimo kwenye filamu. Naomba ripoti yangu isahihishwe. Imo."

Walitutoa nje dakika tano. Waliporudi kutuita, walipiga makofi kabla sijakaa. Daraja la A, baba mdogo. Wamesema ichapwe kitabu, na wananipa nafasi ya kuendelea na uzamivu, nikusanye kazi za watafsiri wote wa mabandani kabla hazijapotea. Dkt. Melkizedeki anauliza kama unaweza kuja kutafsiri katuni mbele ya wanafunzi wake. Nimemwambia una ratiba ngumu.

Ila kuna kitu kinaniumiza. Barua ile sasa imo kwenye tasnifu, na tasnifu imo maktaba. Mtu yeyote ataisoma. Huko Sakina watajua. Umetoa jina lako ili mimi nipate la kwangu, na sijui nitakulipa nini.

Mwanao, sasa mwenye shahada ya uzamili,
Twahira

Mwambie mama mdogo nakuja mwisho wa mwezi ujao. Na apike anachokijua yeye.


Sakina, 6 Julai 2025

Msomi wangu Twahira,

Marahaba! Marahaba ya kusimama! Hongera mpaka zikushinde kubeba! Swabaha alipiga vigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani tunaozesha, na mimi sikuwakatalia. Baba yako nimempata kwa simu akiwa Tunduma na lori lake. Alilia, mzee mzima.

Sasa kuhusu jina langu. Nilifikiri, bora watu wa Sakina wapate habari kwangu kuliko kwa wengine. Jana Jumamosi banda limejaa, nikazima filamu katikati. Wakazomea. Nikawasha maiki nikasema, ndugu zangu, nina barua mbili za kuwasomea. Nikasoma yangu ya kukiri kwanza, rasimu niliyobaki nayo, halafu yako. Nilipofika "Sijui Kiingereza", nikanyanyua macho nione nani anatoka.

Hakutoka mtu. Godwin ndiye aliyesimama, kule nyuma, na grisi mikononi. Akasema, "Profesa, kaa chini. Unadhani hatujui? Mimi nimeendesha watalii miaka kumi! Ile filamu uliyotuambia ni ndugu wawili wanagombea shamba la baba, walikuwa mume na mke wanaachana mahakamani. Nimeisikia mara sita, na bado nikaja ya saba kuona kama yule mdogo atapata shamba."

Loh! Banda likalipuka. Mwingine anasema, mimi nilijua mwaka ule uliposema Wachina wanasali Ijumaa. Mwingine anasema, mimi nilijua kwa sababu watu wako wote kwenye filamu wanapenda makande. Nikageuka kwa Swabaha, alikuwa mlangoni na kanga yake, nikamuuliza, na wewe? Akasema, "Tangu posa, Khalfani. Ulimtafsiria baba yangu yule Mzungu mnunuzi wa mahindi, na hukuelewa hata neno."

Miaka ishirini nimeogopa watu ambao walikuwa wanakuja kwa sababu hiyo hiyo. Nilikaa kwenye benchi lako la mbele nikacheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikalia kidogo, halafu wakaanza kupiga miguu chini wanataka filamu yao.

Wewe unauliza utanilipa nini. Mtoto aliyekataa kula amesimama mbele ya madaktari wakampigia makofi. Nimeshalipwa, mwanangu, tena mbele ya Sakina nzima.

Naishia hapa, kuna watu wananiita. Jumamosi ijayo nina katuni mpya, Godwin anasema ni ya Kikorea. Sijui inahusu nini, na mabenchi yote yameshashikwa.

Baba yako mdogo,
Khalfani, Mtafsiri